Michezo katika Chuo cha Ualimu Katoke

Chuo cha Ualimu Katoke, kilichopo wilayani Muleba, mkoani Kagera, ni miongoni mwa vyuo vya serikali vinavyoandaa walimu. Vyuo vya ualimu nchini Tanzania hushindana kupitia UMISAVUTA, mashindano yanayojumuisha soka, netiboli, wavu, riadha na sanaa.

Vikombe ni sehemu moja tu ya mavuno ya msimu wa mashindano hayo. Mwalimu tarajali hujifunza kucheza na kuandaa michezo: kupima uwanja wa netiboli wenye urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, kuugawa sehemu tatu, kuchora mistari kwa chokaa, kupanga wachezaji saba na kupuliza filimbi kwa haki. Akipangiwa shule ya msingi, iwe Muleba au Bukoba, stadi hizo huwafikia watoto wanaojiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Akifundisha sekondari, huwafaa vijana wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari.

Wakufunzi wa chuo wanaosimamia mafunzo hayo wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa timu moja ya chuo huzaa walimu wa timu nyingi za shule.