Mnara Usio na Majina: Uhakiki wa Maandishi ya Ukumbusho wa Vita Kuu kwa Kuzingatia Watu wa Ziwa

1. Utangulizi

Vita Kuu vya 1914-1918 vilizuka kwa sababu ya ugomvi wa mataifa ya Ulaya, lakini vilipiganwa pia katika mashamba, mapori na maji ya Afrika ya Mashariki, miongoni mwa watu wasiokuwa na neno na ugomvi huo. Fasihi inayohusu pwani na kusini imekwisha kuigusa hali hiyo. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, humfikisha kijana Yusuf mpaka kwenye msafara wa askari wa Kijerumani. Na riwaya yake ya mwaka 2020, Afterlives, huingia ndani ya jeshi lenyewe. Shaaban Robert naye alivitungia utenzi mrefu vita vilivyofuata, vya 1939-1945. Upande wa Ziwa la Viktoria, kuanzia Kisii na Karungu hadi visiwa vya Mfangano, Ringiti na Remba, haukubahatika kupata mtunzi wa namna hiyo.

Hata hivyo, kuna maandishi mafupi ya Kiswahili yanayodai kuwasemea watu hao pamoja na wenzao wote, nayo yamesomwa hadharani kwa karibu miaka mia moja. Maandishi hayo yamo katika mnara wa askari uliosimamishwa Nairobi mwaka 1928, katika barabara ambayo zamani iliitwa Delamere na ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa kazi za fasihi, ingawa yana msemaji, yana msemeshwa, yana sitiari na yana ahadi. Makala haya yanakusudia kuyahakiki kama matini nyingine yoyote, na kuyapima kwa mambo yaliyowapata watu wa Ziwa. Hoja yake ni kwamba maandishi hayo yanaahidi jambo moja tu, yaani kukumbukwa kwa jina, na kwamba ahadi hiyo ilitolewa na wale wale walioyapoteza majina.

2. Matini na mtunzi wake

Mnara una sanamu tatu za shaba zilizotengenezwa na James Alexander Stevenson. Miongoni mwake yumo mpagazi, na jambo hilo lastahili kutajwa kwa haki, kwani minara mingi ya vita humtukuza mwenye bunduki na kumsahau mwenye mzigo. Chini yake kuna maneno ya Kiingereza, ya Kiswahili, na hati za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza husemwa kuwa yalitungwa na Rudyard Kipling, ambaye alikuwa mshauri wa mambo ya maandishi wa Tume ya Dola ya Makaburi ya Vita. Kwa hiyo Kiswahili kilichomo ni tafsiri: sauti ya mtunzi wa Ulaya iliyopewa ulimi wa Kiafrika ili imseme Mwafrika.

Maudhui yake yaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwanza hutajwa askari wenyeji waliopigana. Kisha hutajwa wapagazi, nao hufananishwa na viungo vya jeshi, yaani miguu na mikono yake. Kisha hutajwa wengine wote waliokufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mwishoni msemaji humgeukia msomaji na kumpa hakika: mwenye kupigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Kwa upande wa fani, matini haya yamesukwa kwa ustadi. Yanaanzia kwa wengi na kumalizikia kwa mtu mmoja. Yanaanzia katika mauti na kumalizikia katika uzao. Huo ndio mwendo wa mbolezi njema popote duniani. Tatizo limo katika maneno matatu yanayoubeba mwendo huo: viungo, nchi na jina.

3. Sitiari ya viungo

Sitiari ya viungo ina heshima yake, kwa kuwa inakiri kwamba jeshi lisingeweza kwenda bila wapagazi. Lakini kiungo hakina nia. Mguu hauulizwi unataka kwenda wapi; huamriwa na kichwa. Sitiari hii, pengine pasipo mtunzi kukusudia, inasema kweli zaidi kuliko sifa yenyewe. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwakusanya watu kwa nguvu kwa ajili ya kazi ya jeshi, na mwaka 1917 ukafanyika mkusanyo mkubwa kuliko yote. John Ainsworth, ambaye alikuwa ameitawala Nyanza kwa miaka mingi na kuwajua machifu wake, ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo ya 1917, na Nyanza ikatoa sehemu kubwa ya watu waliotakiwa.

Wapagazi waliotumika pande zote mbili za vita hivyo hukadiriwa kuwa karibu milioni moja. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, uchovu, na vyakula wasivyovizoea au visivyopikwa vikaiva. Mwili unaovitunza viungo vyake haviachi vioze njiani. Kwa hiyo sitiari, ikifuatwa hadi mwisho wake, inamshitaki yule aliyejifanya kichwa.

4. Neno nchi

Neno la pili ni nchi. Matini yanachukulia kwamba kila marehemu alikuwa na nchi moja, kwamba nchi hiyo ilikuwa na mfalme, na kwamba vita vilikuwa vyake. Mtu wa Remba au wa Karungu mwaka 1914 angeulizwa nchi yake ni ipi, jibu lisingekuwa jepesi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mpaka wao utapita Ziwani katika nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mstari huo uliwagawa Wakuria, ukawaacha Waluo wengine kaskazini na wengine kusini, nao ulipita mahali ambapo mvuvi hakuona ila maji. Hadi mwaka 1902 pwani yote ya mashariki ya Ziwa, upande wa Waingereza, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Na mwaka 1920, vita vikiwa vimekwisha, ikawa Koloni la Kenya. Mtu aliyezaliwa huko mwaka 1885 alibadilishiwa nchi mara kadhaa bila ya kuhama nyumba.

Ama kuhusu mfalme, mambo ni mazito zaidi. Jeshi la serikali lilikwenda kuwaadhibu Abagusii mwaka 1905, likarudi tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote. Miaka sita tu baadaye, tarehe 11 Septemba 1914, Wajerumani waliingia mji wa Kisii, na siku ya pili yake wakapigana na kikosi cha K.A.R. Pande zote mbili zikaondoka. Wakati huo huo merikebu za Waingereza zilikuwa zikitoka Kisumu na kushuka kwenda Karungu, ambako mashua ya Kijerumani iliyoitwa Muansa ilikuwa imefika. Maji ya visiwani yakawa njia ya vita, na watu wa kandokando wakatazama dola mbili zikifukuzana katika uvuvi wao.

Mji wa Kisii ulipobaki bila mwenyewe, wenyeji waliingia wakateka mali. Waingereza waliporudi waliwaadhibu kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Kitendo cha wenyeji hao kimeelezwa mara nyingi kuwa wizi tu. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kukisoma pamoja na utabiri uliokuwa umekwisha kuenea. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba Mumbo, nyoka mkubwa wa Ziwani, alimmeza na kumtapika akiwa hai, akampa ujumbe kwamba wazungu wataondoka na kwamba watu waache desturi zao. Masimulizi hayo yalienea hadi Nyanza ya Kusini. Septemba 1914 wazungu waliondoka Kisii machoni pa watu. Kwa hadhira iliyokwisha kuyasikia masimulizi hayo, utabiri ulikuwa umetimia.

Hapa pana matini mawili kuhusu vita vile vile. Moja limechongwa mjini Nairobi na linasema kwamba Mwafrika alipigania nchi yake chini ya mfalme wake. Jingine lilitoka katika maji ya Ziwa na kusema kwamba nchi itarudi kwa wenyewe pindi mfalme huyo atakapoondoka. La kwanza lilisimamishwa na serikali. La pili serikali ililipiga marufuku na kuwahamisha viongozi wake. Hakuna haja ya kumwamini Mumbo ili kutambua kwamba, katika hayo mawili, masimulizi yake ndiyo yaliyolitumia neno nchi kwa maana ambayo wasikilizaji walikuwa nayo.

5. Neno jina

Neno la tatu ndilo msingi wa ahadi. Mnara unaahidi ukumbusho wa jina, lakini wenyewe hauna hata jina moja. Yaweza kujibiwa kwamba waliokufa walikuwa wengi mno kuandikwa. Jibu hilo halitoshi, kwani Tume hiyo hiyo iliwapa askari wa Kizungu jiwe moja moja au jina moja moja, na kwa Waafrika ikaamua kwamba minara michache ya jumla itatosha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Jina halikuwa jambo la heshima tu. Mpagazi alivaa kipande cha chuma chenye nambari, na jina lake liliandikwa na karani ambaye mara nyingi hakuijua lugha yake. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia warithi, kwa sababu mojawapo kwamba majina yaliyoandikwa hayakuweza kutambulika huko nyumbani. Kwa hiyo mjane wa Karungu alipoteza mume, na kwa kosa la tahajia akapoteza pia haki yake. Wataalamu wa lugha wanaodhani kwamba uandishi sahihi wa majina ya watu ni jambo dogo wana sababu ya kulifikiri upya.

Watu wa Ziwa walikuwa na njia zao za kulihifadhi jina. Desturi ya Waluo kwa mtu aliyefia mbali na mwili wake usipatikane ni kulizika tunda la mwegea, ambalo wao huliita yago, mahali pa mwili. Kaburi hilo halina maiti, kama vile mnara wa Nairobi usivyo na maiti. Lakini lina jina, lina boma, na lina waombolezaji wanaomjua marehemu. Tena Waluo humpa mtoto jina la tukio alilozaliwa nalo, na aliyezaliwa wakati wa vita huitwa Olweny, kutokana na neno lweny, yaani vita. Msemaji wa mnara alitabiri kwamba watoto watayakumbuka majina ya baba zao. Mapokeo haya yalikwenda mbele zaidi: yaliviweka vita vyenyewe ndani ya jina la mtoto.

6. Kiswahili katika jambo hili

Yafaa kuuliza Kiswahili kilisimama wapi. Katika vita hivyo kilikuwa lugha ya amri, nacho kiliwafikia watu wengi wa Nyanza kwa mara ya kwanza kambini. Kwa hiyo msemeshwa wa mnara, ikiwa ni mtoto wa mpagazi wa Ziwani, alisemeshwa kwa lugha ambayo kwake ilikuwa ya kambi kabla ya kuwa ya nyumbani.

Lakini lugha haikai mahali ilipowekwa na wakubwa. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi liligeuzwa na vinywa vya watu likawa Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, mahali pa kambi zao. Leo ni majina ya masoko na mitaa, na wengi wayatamkao hawajui kwamba wanawataja wafu. Neno hilo lilitungwa bila tume wala mchongaji, na linatamkwa kila siku kuliko maandishi ya mnara yanavyosomwa. Na leo huko Remba, kisiwa kidogo cha mawe kilichosongamana wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowawezesha watu wa mataifa matatu kuuziana samaki katika maji ambayo mipaka yake ingali ikigombewa, kama mzozo wa Migingo ulivyoonyesha tangu muongo wa kwanza wa karne hii.

7. Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi kwamba mnara ung'olewe. Matini mabaya nayo ni ushahidi, na haya si mabaya kwa fani. Yanachohitaji ni kusomeshwa pamoja na wapinzani wake: masimulizi ya Mumbo, kaburi la yago, jina la Olweny, na neno Kariakoo. Mwanafunzi atakayeyasoma yote pamoja ataona kwamba maandishi yaliyochongwa yana msemaji mmoja na wasemeshwa wasioulizwa, na kwamba majibu yao yamo katika fasihi simulizi.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha. Wajukuu na vitukuu wa wapagazi wangali hai katika wilaya za zamani za Nyanza ya Kusini, ambazo leo zimo katika kaunti za Homa Bay, Migori na Kisii. Kila mwanafunzi atokaye huko anaweza kukusanya majina yanayokumbukwa katika ukoo wake, akayaandika kwa tahajia ya lugha yake wenyewe, pamoja na simulizi linaloandamana na kila jina. Orodha hiyo haitakamilika. Lakini hata ikiwa na majina mia moja tu, itakuwa imeitimiza ahadi ya mnara kwa mara mia moja zaidi kuliko mnara wenyewe.