Kazi Isiyorudi Darasani

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba aliyemaliza kidato cha 6 asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza. Utaratibu huo ulikwisha achwa. Shabaha yake, kubomoa ukuta kati ya msomi na mfanyakazi, tunaitetea hata leo. Lakini hatuna budi kujikosoa: kutanguliza kazi si kuiunganisha na masomo. Kijana aliyeijua mashine kwa mikono yake, akikaa ukumbini asiulizwe anachokijua, amefundishwa kwamba kazi ile haikuwa elimu.

Siku hizi yapo mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hupelekwa kiwandani, hujaza daftari, msimamizi hutia sahihi, mhadhiri hupita mara moja (akipita), alama hutolewa. Kisha? Daftari hufungiwa kabatini. Hapo ndipo tunapopinga. Tuseme fundi amemwonyesha mwanafunzi wa uhandisi pampu inayoliwa na mchanga wa mto, wakati mahesabu ya darasani yalichukulia maji safi. Swali hilo ndilo lingestahili kufungua mhadhara wa kwanza wa muhula. Wapo watakaojibu kwamba muhtasari umejaa. Umejaa nini?

Viwanda navyo visijifiche. Mwanafunzi anayetumwa chai hajapewa kazi. Lakini yule fundi aliyeacha shughuli zake akaeleza habari za mchanga, mpaka sasa hajaletewa jibu na Chuo.