Maji Yanayosubiriwa Kairo

Mei 7, 1929, Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, alimwandikia barua Lord Lloyd, Kamishna Mkuu wa Uingereza mjini Kairo, naye akajibiwa siku hiyo hiyo. Barua mbili tu, na Mto Nile ukafungwa kisheria. Umbo hilo tulisome kwanza, kabla ya yaliyomo, maana barua ina mwandishi na mwandikiwa basi. Wasoga wa Jinja, mto unakotokea ziwani, hawakuwa huyu wala yule.

Sentensi nzito ya barua hizo inakataza kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme bila ridhaa ya Misri, iwe mtoni, kwenye matawi yake au katika maziwa unakotoka, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, itabadilisha tarehe ya kufika kwake, au itashusha kimo chake. Kiasi, tarehe, kimo: vyote vinapimwa maji yanapofikia. Msemaji amesimama mwisho wa mto, anangoja. Ukisoma ukiwa upande wake, Mto Manafwa unaoshuka Mlima Elgon, ukapita karibu na Mbale na leo kunywesha mpunga wa Doho, ni maji yaliyochelewa njiani tu. Mkulima hajapewa hata kitenzi kimoja.

Mwaka 1949 zikaandikwa barua nyingine, za bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale. Humo Uganda inapata kitenzi, lakini cha kutii: Bodi ya Umeme iachie maji kwa maelekezo ya mhandisi wa Misri atakayekaa Jinja.

Mkataba wa bonde la Nile uliotiwa saini Entebbe Mei 14, 2010, tofauti na barua hizo, umeandikwa kwa ibara, na kila nchi ya bonde ni mtenda. Mimi nauthamini zaidi kwa pale ulipopasuka. Katika Ibara ya 14(b) wengi walitaka nchi isiathiri vibaya, kwa kiasi kikubwa, usalama wa maji wa mwenzake. Misri ilitaka matumizi na haki zilizopo zilindwe. Waandishi hawakuifunika tofauti hiyo kwa maneno laini. Waliitoa ibara wakaiweka kwenye kiambatisho, iamuliwe na Kamisheni ya Bonde ndani ya miezi sita tangu iundwe. Mkataba ulianza kufanya kazi Oktoba 13, 2024, pengo likiwa wazi, Misri na Sudan zikiwa nje. Barua za 1929 hazina pengo hata dogo, kwa kuwa wenye la kupinga hawakuulizwa. Katika kiambatisho hicho Misri yenyewe inasomeka tofauti: nchi moja kati ya nyingi, ikitaja hofu yake mbele ya wenzake, na hofu hiyo ni ya kweli, kwani haina mto mwingine.