Mbinu Shirikishi: Istilahi Moja, Dhana Tatu

Tangu mitaala yetu ilipoelekezwa kwenye ujenzi wa umahiri mwaka 2005, neno "shirikishi" limeenea katika maandalio ya masomo, katika semina za walimu na katika taarifa za wakaguzi wa shule, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora, hata limekuwa kama chumvi: halikosi katika chungu chochote. Mwalimu akiuliza maswali na darasa zima likajibu kwa sauti moja, mbinu ni shirikishi. Akiwagawa wanafunzi katika vikundi kwa sababu vitabu havitoshi, mbinu ni shirikishi. Akiwatoa nje wakapime kivuli cha mbuyu kila baada ya saa moja, hiyo nayo ni shirikishi. Istilahi inayokubali kila kitu haibainishi chochote, na mwalimu anayepimwa kwa istilahi ya namna hiyo hajui amesifiwa au amelaumiwa kwa lipi.

Tutazame kwanza umbo la neno lenyewe. Kutokana na kitenzi -shiriki twapata -shirikisha, kwa kauli ya kutendesha: mtu humfanya mwingine ashiriki. Kwa kauli ya kutendana twapata -shirikiana: watu hushiriki wao kwa wao. "Shirikishi" imezaliwa na kauli ya kutendesha. Mtendaji wake, basi, ni mwalimu, na mwanafunzi ni mshirikishwa tu. Hatusemi kwamba neno hili ni baya. Kwa dhana ya mwalimu kumpa mwanafunzi nafasi katika shughuli aliyoipanga yeye mwalimu, linafaa kabisa, na tungependa libaki hapo. Tunachokipinga ni kulitwika pia dhana ya wanafunzi wanaofunzana, ambayo kiini chake ni kutendana.

Dhana hiyo si sawa na kila kazi ya kikundi. David Johnson na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambao wameiandikia kwa miongo mingi, huweka mbele sharti la kutegemeana: mmoja hawezi kufaulu iwapo wenzake wameshindwa, na kila mmoja huwajibika kwa sehemu yake. Mwaka 1971, katika mji wa Austin huko Marekani, ambako watoto weusi na weupe walikuwa ndio kwanza wamewekwa katika madarasa mamoja, Elliot Aronson na wenzake walilikata somo vipande, wakampa kila mtoto kimoja ambacho mwenziwe hakuwa nacho. Asiyemsikiliza mwenzake alikosa sehemu ya somo. Linganisha na vikundi tunavyoviona mara nyingi katika madarasa yenye wanafunzi themanini au tisini: mmoja anaandika, wawili wanachungulia, waliosalia wanangoja kengele. Vyote viwili vinaandikwa "shirikishi" katika andalio la somo.

Je, Kiswahili kimepungukiwa na maneno? La hasha. Tunao ujima, tunao msaragambo, tunacho kikoa. Katika msaragambo wengi hufanya kazi ya namna moja ili iishe upesi. Katika kikoa kila mmoja hutoa fungu lake au zamu yake, na asipotoa, pengo huonekana. Kikoa ndicho kilicho karibu zaidi na dhana tunayoizungumzia. Hata hivyo hatutapendekeza "ujifunzaji wa kikoa", kwa kuwa neno hilo ni la pwani zaidi, na mwalimu wa Mpwapwa au Bahi angehitaji kamusi ili kulielewa. Tunapendekeza "kujifunza kwa kutegemeana". Wako watakaosema kwamba jina hilo linagongana na Elimu ya Kujitegemea. Haligongani. Katika andiko lake la Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliishutumu elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi, akataka shule ijenge moyo wa kufanya kazi kwa pamoja. Anayejitegemea katika andiko lile ni jumuiya, wala si mtoto mmoja mmoja.

Andiko hilohilo liliitaka elimu imjengee raia akili ya kudadisi, na hapo twafikia dhana ya tatu: somo linaloanza na swali la mwanafunzi, likapita katika ushahidi, likaishia kwenye jibu analoweza kulitetea. Majina yake yamekuwa matatu. "Udadisi" hutaja tabia ya mtu, si utaratibu wa somo. Tena mbele ya wazee mtoto mdadisi hasifiwi kila siku. "Ugunduzi" hutaja mwisho wa safari na kuiacha njia, na humfanya mwalimu adhani amefeli iwapo hakuna kilichogunduliwa. "Uchunguzi" una harufu ya polisi na ya maabara ya hospitali, lakini harufu hiyo haidhuru kitu: polisi na daktari nao huanza na swali wasilolijua jibu lake. Tunachagua "somo la uchunguzi".

Tuchukue mada ya mmomonyoko wa udongo, ambayo katika nyanda za kati haihitaji picha kitabuni. Kondoa ina makorongo ambayo yaliilazimu Serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni maana ya mmomonyoko na darasa likaikariri. Anaweza pia kuwauliza wanafunzi kwa nini maji ya korongo ni mekundu baada ya mvua ya Januari, kisha wamwage maji kiasi kilekile juu ya udongo mtupu na juu ya udongo wenye nyasi, wayakinge yanayotiririka na kuyalinganisha. Lakini andalio la somo lililotumika kwa miaka mingi chini ya mtaala wa 2005 lina hatua zake: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. "Maarifa mapya" ni hatua ya pili! Mwalimu mtiifu hana budi kuyatoa maarifa hayo kabla maji hayajamwagwa. Hapa jina la hatua limelishinda lengo la mtaala, na semina hazitaliondoa tatizo hili maadamu jina limebaki. "Kutafuta maarifa" lingetosha.

Kuhusu majina ya mbinu ndogondogo tutasema machache. "Bungua bongo" ni jina zuri, lina mdundo na picha. "Kisa mafunzo" na "igizo dhima" yameunganisha nomino mbili bila kiunganishi, kwa kufuata mpangilio wa lugha nyingine. Kisa ni cha mafunzo, na igizo ni la dhima. "Matembezi ya galari" ndiyo yanayotukera zaidi. Shule ya kijiji cha Chamwino haina galari, wala mwanafunzi hajapata kuiona. Anachofanya ni kupita kutoka karatasi moja ya ukutani hadi nyingine akisoma walichoandika wenzake. Kitendo hicho kiitwe "kuzungukia kazi", na anayekifanya ataelewa bila kufafanuliwa.