Kejeli ya Kiitikio: Maoni juu ya Wimbo «Ndio Mzee»

Bwana Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Profesa Jay, alitoa wimbo wake «Ndio Mzee» mwaka 2001, yaani baada ya chaguzi mbili za vyama vingi, wa 1995 na wa 2000. Ndani yake mgombea amwaga ahadi mbele ya umati, na ahadi hizo, hata zile zipitazo kadiri ya akili, hupokewa kwa maneno yale yale mawili. Wengi wausifu kuwa ni mjeledi kwa viongozi. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Kwa maoni yetu, mjeledi huo wampiga zaidi yule aitikiaye.

Katika ngoma zetu kiitikio ni mali ya watu. Mwimbishaji hutangulia, bali wimbo hukamilishwa na wengi, nao waweza kumkubali, kumkosoa au kumtania. Mtungaji ameishika desturi hiyo, kisha akaiondolea uhai wake: hapa wengi hawana la kuongeza. Neno lenyewe latoa ushahidi. «Ndiyo», liandikwalo hapa «ndio», halina habari yake. Kiungo -yo hurejea tu yaliyokwisha kusemwa na mwingine. Likifuatwa na «mzee», neno la kuheshimu umri na cheo, adabu njema yageuka kizibo cha kinywa.

Hatuna shaka kwamba kejeli hii hueleweka upesi Handeni na Korogwe. Mto Pangani wapita Korogwe. Handeni ni nchi kavu, na bomba kuu la kuipelekea maji ya mto huo lilijengwa miaka ya 1970, wala kiu haikwisha. Mashamba ya mkonge ya Korogwe nayo yamepita mikononi mwa wengi: mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, yakarudishwa kwa watu binafsi miaka ya 1990. Kila badiliko lilikuja na ahadi yake, na kila ahadi ilipigiwa makofi. Msikilizaji wa huko hachekeshwi na uongo wa mgombea, maana aujua tangu zamani. Achekeshwa, tena kwa uchungu, na sauti yake mwenyewe ndani ya umati.

Baadaye mtungaji aliujibu wimbo wake kwa mwingine, «Siyo Mzee», ambamo umati wakataa. Kwa siasa hiyo ni hatua. Kwa sanaa twaona upungufu, kwa kuwa kejeli imegeuka tamko. Tena «siyo» yabeba -yo ile ile: akataaye bado afuata mazungumzo yaliyoanzishwa na aliye jukwaani.

Bwana Haule mwenyewe alipanda jukwaa hilo, akawa mbunge wa Mikumi tangu 2015 hata 2020. Wako wasemao kwamba hapo kejeli yake ilikufa. Sisi twaona kinyume. Wimbo uliofunza watu kumsikiliza mgombea kwa hadhari haumwachi mtungaji wake. Nao wapata nguvu zaidi ukimpima yeye kwanza.

Lililobaki ni kiitikio cha tatu, ambacho nyimbo hizi mbili hazikukitoa. Si «ndiyo», wala si «siyo», bali swali: maji yatafika lini, na kwa fedha ipi? Mtunzi atakayelitia swali hilo katika midomo ya umati atakuwa amewarudishia watu kiitikio chao.