Makaburi ya Waungwana Peke Yao

Tangu uchambuzi wa DNA ya Waswahili wa kale utoke katika jarida la Nature, Machi 2023, hapa bandarini Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, swali ni lile lile: basi kweli sisi ni Washirazi? Waliopimwa ndio wenye damu ya Uajemi, na waliopimwa walichaguliwa vibaya.

Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, mwanajenetiki David Reich na wenzao walisoma vinasaba vya watu 80, wa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, Lindi, na Makwasinyi ya bara. Kazi ya maabara sina neno nayo. Lakini makaburi! Wengi wa watu wa pwani walitolewa katika yale ya heshima, ya mawe, ubavuni mwa misikiti. Nani alizikwa pale? Mwungwana, mwenye nyumba ya mawe, mwenye kuwapokea wageni wa ng'ambo na kuwaoza binti zake. Mvuvi, mfinyanzi, mtumwa, mkaa nyumba ya udongo: hao ndio waliojaza mji, na karibu hawamo. Ukipima ukoo wa mwenye mji utapata nasaba ya mwenye mji, basi. Kisha kichwa cha makala kikabeba watu wa pwani ya Waswahili kwa jumla.

Tena hata hao waungwana, upande wa mama ni Waafrika kwa wingi. Uajemi uliingia kwa wanaume, kuanzia karibu mwaka 1000. Magazeti yakayaruka hayo, yakamshika Mshirazi. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeisoma Tarikhi ya Kilwa, masimulizi ya masultani wa Kishirazi, kama cheti cha kuzaliwa, angefurahi.

Lakini mwanaakiolojia Mark Horton kule Shanga, pwani ya kaskazini ya Kenya, miaka ya 1980, hakuridhika na jiwe. Alishuka chini ya msikiti wa Ijumaa, msikiti chini ya msikiti, hadi matundu ya nguzo za miti ya karne ya 8. Huo ndio uchimbaji.

Na ramani ya utafiti huo wa DNA, kama kawaida, imeishia Lindi. Tungi haimo, Ibo haimo, Wamwani wa pwani yetu hii hawamo. Wasiniambie vita vya waasi: vilifika hapa Oktoba 2017, bandari ikatekwa Agosti 2020, na mifupa ya Mtwapa ilikuwa imeshachimbwa zamani. Tena mwanaakiolojia Paul Sinclair alikuwa akichimba Chibuene, kusini zaidi yetu katika Msumbiji hii hii, tangu miaka ya 1970. Awamu ijayo wavuke mto Ruvuma, waje kwetu, wakaulize wazee wa mtaa makaburi yasiyo na mawe yako wapi.