Kumsomea Mtoto Usiyemwona

Kiswahili kina hisani moja kwa mtoto anayeanza shule: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Akishazijua silabi zake anaweza kuusoma ukurasa mzima bila kukwama. Huku Mbulu na Hanang hisani hiyo hugeuka mtego. Mtoto anasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mwalimu anafurahi, kisha anamuuliza: fisi alikwenda wapi? Mtoto anatazama chini. Maneno kayatamka yote, hadithi haikumfikia.

Anayeyajua maeneo haya hashangai. Nyumbani watu wanaongea Kiiraqw au Kidatoga, na ukisogea Haydom na bonde la Yaeda unakutana pia na Kihadza na lugha za Kibantu za jirani zetu wa Singida. Hizo ni koo nne za lugha zisizohusiana, zinazokutana gulioni kila wiki. Kiswahili mtoto anakidokoa sokoni, kanisani na redioni, halafu darasa la kwanza anatakiwa akisome. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma ni kuyatambua maandishi mara kuielewa lugha. Ni hesabu ya kuzidisha, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sijaona maelezo mafupi zaidi ya kinachotokea kwenye madarasa yetu.

Ndiyo maana nakipenda kitabu cha kusikiliza, kile cha mtoto kukaa na kitabu mkononi, kidole kikifuata mstari, huku mtu mzima aliyerekodiwa akimsomea. Simu na memori kadi siku hizi ni vitu vya kawaida. Kazi iko kwenye usomaji wenyewe.

Ninayemsifu hapa ni mwalimu mmoja wa madarasa ya chini, Mwiraqw, anayerekodi nyumbani kwake. Anachagua hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, kwa kuwa leseni yake inamruhusu mtu kuzitumia na kuzirekodi bila kuomba kibali. Anarekodi alfajiri, bati likiwa bado na baridi, maana jua likishapanda bati linaanza kulialia. Godoro analiegemeza ukutani, blanketi analitundika dirishani. Simu inakaa juu ya debe la mahindi, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya p na f isiigonge.

Kabla ya hapo ameshaupitia ukurasa kwa penseli. Pa kupumua anatia nukta, pa kusubiri nukta mbili. Mtangazaji angetumia mkwaju (/), lakini mwenzetu huyu anaandika Kiiraqw pia, na katika Kiiraqw mkwaju ni herufi, tena ya sauti inayotoka kooni kabisa. Angejichanganya mwenyewe.

Kiiraqw asilia hakina v wala z. Kwa mtoto aliyekulia humo, kuvaa na kufaa, kuzuka na kusuka ni mambo ya kubahatisha. Msomaji mgeni angezikazia sauti hizo mpaka zigeuke kichekesho. Mwalimu huyu anazipa tu nafasi: neno lenye v halimezwi na jirani yake, likirudi mara ya tatu linatamkwa vilevile, na sikio linaanza kuitenga sauti bila kuhutubiwa. Hivyo hivyo kwa sarufi. Kijiti kilivunjika, lakini kiboko aliamka. Sheria hiyo ukimweleza mtoto wa miaka saba utamchosha. Akiisikia hadithi ile ile mara kumi, na watoto hawachoki kurudia, siku moja atasema mwenyewe kiboko amelala.

Kugeuza ukurasa anakuashiria kwa kijiko kwenye kikombe cha bati, pigo moja, kisha anangoja. Kungoja ndiko kugumu. Akiuliza, "Nani anabisha hodi?", anahesabu kwa vidole polepole hadi tano kabla ya kuendelea, na ndani ya zile hesabu mtoto asiyemwona anajibu. Zanzibar walilijua jambo hili katika vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze: swali lisiloachiwa nafasi ya jibu ni mapambo.

Halafu kuna fisi. Wanaoanza kurekodi hupenda kumfanya angurume, na maneno yote yanapotelea kwenye ngurumo. Yeye fisi wake anasema taratibu kuliko sungura, basi, na kila neno linasikika. Watu wa umri wangu tulilelewa na Deborah Mwenda katika Mama na Mwana ya Radio Tanzania, kabla televisheni haijaingia Bara mwaka 1994. Yule mama naye hakuhitaji vituko; ulimwamini kwa sababu alionekana kuijua hadithi hadi mwisho wake.

Sisemi sauti ya kwenye simu inachukua nafasi ya bibi. Bibi husimamisha hadithi akiona uso wa mjukuu umepotea. Simu haioni uso. Ndiyo maana mwalimu huyu akishamaliza hadithi huweka maswali mawili, la mwisho likimtuma mtoto akamsimulie mtu wa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Wapo watakaosema hiyo ni kurudi nyuma. Mimi naona hapo ndipo uelewa unapopimwa kwa haki: aliyeielewa hadithi kwa Kiswahili ataitoa kwa Kidatoga, na asiyeielewa ataumbuka mbele ya shangazi zake, akairudie.

Rekodi za kwanza anazifuta bila huruma, hata zile ambazo mimi nilidhani hazina kasoro. Kwa sasa anamtafuta baba mmoja wa Kidatoga asome hadithi zinazofuata, kwa maana kwenye kadi yake yote hakuna sauti ya kiume, na wavulana wameshaanza kudhani kusoma hadithi ni kazi ya akina mama.